Zahanati Kila Kijiji: Je, Ahadi Ilitimizwa?



Mwaka 2007 Serikali yetu ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM. Ulikuwa mpango wa miaka 10. Ahadi yake ilikuwa hii: kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya.

Leo tujiulize, je, ahadi hiyo ilitimizwa?

Tuseme kweli. Zahanati nyingi zilijengwa. Wananchi tulisomba mawe, mchanga na maji. Lakini mwaka 2017 ulipofika, vijiji vingi bado havikuwa na zahanati. Kwingine yalibaki maboma, wamekaa popo. Kwingine jengo lipo, mganga hakuna. Au mganga yupo, dawa hakuna. Jengo peke yake halitibu mtu.

Hata hivyo tusiseme hatukupata kitu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Chanjo na vyandarua vimesaidia sana. Na chanjo tunazipata wapi? Si zahanati?

Basi, ndugu zangu, kazi iliyobaki ni yetu pia. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi 3. Twendeni! Tuulize: boma letu litaezekwa lini? Michango yetu imetumikaje? Dawa ziliingia ngapi? Sasa kusoma tunajua. Tuombe daftari, tulisome wenyewe.