Sauti Nne, Wimbo Mmoja



Je, nchi yenye makabila zaidi ya 40 na dini mbalimbali yaweza kuongozwa na maadili ya pamoja? Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 chasema ndiyo: utu, usawa, haki na uadilifu vyatuhusu sote. Lakini karatasi haiimbi. Mapema 2008 majirani walifukuzana, hata walioabudu pamoja.

Kwaya hailazimishi besi kuwa soprano. Kila sauti huimba yake, ila zote hushika mapigo mamoja na kusikilizana. Hata wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto.

Basi tuifanyie haki mazoezi kila siku: sokoni, kazini na penye debe la kura.