Kimombo Bila Kibao Shingoni



Wiki hii watoto wetu wameanza kidato cha kwanza. Umewaona vituoni alfajiri: sare bado ina mikunjo ya dukani, begi limemzidi mwenyewe, kiatu kimenunuliwa kikubwa ili kimfikishe mwakani. Mzazi umehangaika na ile karatasi ya mahitaji, ukanunua ndoo, fagio, jembe na rimu ya karatasi. Mimi jioni hii nataka kuzungumzia kitu kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi ile, na ndicho kitakachomtesa mtoto kuliko vyote.

Mtoto aliyemaliza darasa la saba shule ya serikali anajua usanisinuru. Muulize akwambie. Jani la kijani linapokea mwanga wa jua, linachukua maji yaliyopanda kutoka mizizini, linavuta hewa ya kabonidayoksaidi, linajipikia chakula chake. Atakuchorea na mishale. Basi mtoto huyohuyo, Januari hii, mwalimu anaandika ubaoni "photosynthesis", na bingwa wa mwaka jana anainamisha kichwa. Hakusahau kitu. Jani ni lilelile na jua ni lilelile. Kafungiwa nje ya nyumba ambayo vyombo vyote vya ndani ni vyake.

Ndivyo tulivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mtoto afundishwe kwa lugha anayoiwazia, nimelisema hapa na nitalisema tena. Lakini mjadala ule ni wa wakubwa, na mtoto kesho saa moja na nusu anatakiwa awe darasani. Tena hata kama sekondari zote zingehamia Kiswahili kesho, bado ningetaka mwanangu akijue Kiingereza. Fungua boksi la dawa uliyonunua juzi, kunjua ile karatasi ya ndani iliyokunjwa mara nane. Tafuta masharti ya mkopo uliyoyakubali kwenye simu kwa kubonyeza tu. Mpaka mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, mtu aliweza kushinda au kushindwa kesi ya kiwanja chake mwenyewe kwa hukumu iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa, akabaki kumtazama wakili usoni aone kama anatabasamu. Na sheria nyingi zilizotungwa kabla ya hapo ziliandikwa kwa Kiingereza. Anayeisoma lugha hiyo hamtegemei mkalimani kujua haki yake. Kwangu mimi sababu hiyo inatosha, hata kabla hatujafika kwenye ajira na vyuo.

Sasa tunawafundishaje?

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 1989, shule ya bweni. Langoni palikuwa na maandishi ya kutuamuru tuongee Kiingereza, na kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili, unavishwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako akiongea Kiswahili umvishe yeye. Jioni aliyelala nacho anachapwa. Nilikivaa siku ya tatu, kwa sababu niliomba chumvi mezani. Unajua tulichojifunza? Tulijifunza kunyamaza. Bwalo la wavulana zaidi ya mia mbili, na unasikia vijiko tu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza habari kama hizo za Kenya ya utoto wake katika kitabu chake cha mwaka 1986, na nilipokisoma nikiwa mtu mzima nilihisi ile kamba shingoni.

Kibao kimeondoka shule nyingi. Kicheko kimebaki. Sisi tuna mpaka neno lake maalumu: kuchapia. Kijana anasimama kwenye mkutano, anajikakamua, anamtaja mama yake kwa "he", na ukumbi mzima unaangua kicheko. Kesho kipande chake kinazunguka kwenye simu za watu. Wala kosa lile si la ujinga. Kiswahili kinasema "yeye", basi, awe mwanamume au mwanamke. Ulimi uliolelewa na "yeye" lazima uchukue muda kabla ya kuzoea kugawa. Lakini Mzungu akifika sokoni Kariakoo akasema "mimi nataka kitunguu tatu", tunafanyaje? Tunampigia makofi. Tunamwita mwenzetu, njoo umsikie, anajua Kiswahili huyu! Kavunja ngeli mbele ya kadamnasi na tumempunguzia na bei. Upole ule tunao, msikilizaji. Tunaunyima watoto wetu tu.

Nitakwambia mahali ambapo nimewahi kuona Kiingereza kikijifunzwa bila kicheko wala kibao. Ni Mlima Kilimanjaro. Wabeba mizigo wa kule wanaitwa wagumu, na jina linawastahili. Wengi waliishia darasa la saba. Mgeni anasafiri nao siku tano, sita, saba, kwenye mlima wenye kilele cha mita 5,895. Siku ya kwanza mgumu anajua salamu na neno la maji. Ya pili mgeni anaonyesha mbega kwenye mti anauliza, naye anauliza mbega anaitwaje kwa lugha yao. Usiku baridi kali, wanakunywa chai, mgeni anataka kujua una watoto wangapi, nyumbani mnalima nini. Mgumu ana la kusema na mbele yake kuna mtu anayetaka kulisikia. Akikosea, mgeni anakuna kichwa, wanaonyeshana kwa vidole, wanaelewana, safari inaendelea. Baada ya misimu kadhaa wengine wanakuwa wapishi, wengine waongozaji wasaidizi, na waongozaji wengi unaowasikia leo wakieleza mlima ule kwa Kiingereza kilichonyooka walianza na mzigo kichwani. Mgeni naye hashuki bila neno "polepole".

Ndiyo maana nasema furaha katika kujifunza lugha si sukari ya kuongezea kwenye uji. Uji wenyewe ndio huo.

Mimi kilichonifungua mdomo ni sanduku la vitabu. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona wengi wa sekondari hawawezi kusomea masomo yao kwa lugha ile. Mwaka 1987 ukaanza mradi uliosaidiwa na Uingereza, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupeleka sekondarini vitabu vyembamba vya hadithi, vya lugha nyepesi. Sanduku letu lilikaa kwenye kabati la mwalimu mmoja mwanamke ambaye hakuwahi kutuuliza maswali ya ufahamu. Alikuwa anauliza tu, "Umefika wapi?" Nilisoma cha kwanza, kurasa arobaini, kwa siku tisa. Cha pili nilikimaliza kwa siku mbili kwa sababu nilitaka kujua kama mwizi atakamatwa.

Na hili limepimwa. Watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walichapisha mwaka 1983 matokeo ya kazi yao katika shule za msingi za vijijini huko Fiji, ambako Kiingereza ni lugha ya pili kama kwetu. Madarasa mengine yaliletewa vitabu 250 vya hadithi zenye picha. Mengine yakaendelea na masomo yao ya kawaida ya lugha. Waliopewa hadithi waliendelea kwa kasi karibu mara mbili katika kusoma na katika kuelewa wanachosikia, na mwaka wa pili faida ikaenea kwenye stadi nyingine. Mtu akikwambia hadithi ni mchezo na sarufi ndiyo masomo, mwambie habari za Fiji.

Vitabu 250 hatuna, nitajibiwa. Kweli. Lakini Kiingereza tunacho kingi kuliko tunavyodhani, kimevaa kanga tu. Tembea na mwanao mpaka gereji ya jirani. Spana, breki, injini, gia, betri. Muulize fundi lile bati linalozuia tope juu ya tairi linaitwaje. Digadi. Yakiwa mawili, madigadi. Neno la Kiingereza ni "mudguard". Sikio la Kiswahili lilisikia "ma" pale mwanzoni, likadhani ni wingi, kama madirisha, likalitengenezea umoja wake! Nendeni mpaka kwenye mzunguko wa barabara, pale tunapopaita kipilefti. Kibao cha barabarani kiliandikwa "keep left", kaa kushoto. Sisi tukasikia "ki", tukaliweka pamoja na kiti na kitabu, na leo mji una vipilefti. Napenda sana maneno haya. Watu walioyatengeneza hawakuogopa kuchapia. Walilichukua neno la mgeni wakalifanyia kazi.

Na humo mna somo la matamshi ambalo mwalimu angelieleza wiki nzima. Shati, blanketi, soksi, penseli. Kiswahili kinapenda neno liishie na irabu, mdomo ubaki wazi; Kiingereza hakioni taabu kuufunga. Mwambie mtoto aondoe irabu ya mwisho kwenye "shati", akomee kwenye "t", asikie kinachotokea. Siku ya pili atakuletea maneno kumi aliyoyaokota mwenyewe jikoni. Kisha mwambie na sisi tumewapa: neno "safari" limo kwenye kamusi zao.

Mchezo mwingine ni kuyapima maneno yasiyobebeka. Mwenzio akijikwaa unamwambia "pole". Kwa Kiingereza sisi wote tunasema "sorry", na mgeni anashangaa, anakujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Kwa nini? Kwa sababu pole yetu inabeba huruma, na neno lao mara nyingi linabeba hatia. Mtoto akiligundua hilo amezijua lugha mbili kwa mpigo. Na shikamoo je? Mwache ajaribu kuitafsiri mpaka achoke. Kutafsiri huko Mwalimu Nyerere alikupenda: alikuwa Rais, ana nchi changa mikononi, na bado mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, akaurudia upya mwaka 1969, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi, mchezo mwingine wa Shakespeare huyohuyo. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu hufanya kazi ya namna ile usiku kwa sababu anaipenda. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Nobeli mwaka 2021, aliandika riwaya zake kwa Kiingereza huku Kiswahili kikichungulia ndani yake, na moja ya hizo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Sioni ugomvi wowote hapo kati ya lugha hizi mbili.

Nyumbani kwangu yupo mpwa wangu aliyeanza kidato cha kwanza Jumatatu. Nimemtafutia kitabu chembamba cha hadithi, kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Kila usiku anasoma kurasa tatu kwa Kiingereza, kimyakimya, na asipolijua neno analiruka. Akimaliza anamsimulia bibi yake, mama yangu mimi, kwa Kiswahili. Mama hajui Kiingereza hata neno, lakini anauliza: Ehe? Kwa nini asikimbie? Huyo mume alikuwa wapi? Mtoto hana jibu, inabidi arudi kwenye ukurasa akatafute. Jana aliufungua ukurasa uleule mara nne.

Waliishia pale msichana anapokuta mlango wa ghala uko wazi usiku wa manane. Mama alikataa taa kuzimwa mpaka ajue nani yumo ndani, mtoto ana shule asubuhi, ikabidi niingilie kati. Leo mchana mama amenipigia simu hapa studioni kuuliza yule mtoto anatoka shule saa ngapi.