Kabla ya Mkasi Kugusa Kitambaa: Mazungumzo na Washonaji wa Nyumbani



Tumekuja kuzungumza nanyi mnaoshona nyumbani nguo za watoto na zawadi za ndugu kwa kutumia paterni za kununua. Kazi hiyo ni njema na huokoa fedha, ila hasara yake huingia kimyakimya.

Siku chache baada ya Idi alifika ofisini kwetu mama mmoja na magauni mawili ya mabinti zake. Moja lilikuwa kamili. La pili lilikosa mkono. Paterni ilimtaka anunue mita 5, naye aliomba mita 5 na kulipia mita 5. Dalili zote zilionyesha kwamba alipimiwa kwa ufito wa yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44. Kwa hiyo anayelipia mita 5 akapewa yadi 5 hupungukiwa na sentimita 43 hivi, nazo zatosha mikono ya gauni la mtoto. Hata hivyo hatukuweza kumsaidia kama tulivyotaka, kwani kitambaa kilikwisha kukatwa, na risiti hakuwa nayo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sababu hiyo twaomba tufuatane hatua kwa hatua.

Kwanza, someni paterni kabla ya kwenda kununua kitambaa. Msichague saizi kwa namba iliyo kwenye nguo zenu za dukani, kwa maana namba za paterni haziendi sawa nazo. Pimeni kifua, kiuno na nyonga, kisha mlinganishe na jedwali la paterni yenyewe. Angalieni pia nafasi ya mshono. Paterni nyingi za bahasha zitokazo Marekani huwa zimekwisha kuongeza sentimita 1.5 pembeni, zile za jarida la Burda kwa desturi hazina nyongeza hiyo, na mshonaji huiongeza mwenyewe. Asiyejua tofauti hii hushona nguo isiyomwingia mtu.

Pili, wapo wanaonunua paterni kwa intaneti na kuichapisha. Katika kurasa hizo huwamo mraba wa majaribio wenye vipimo vilivyoandikwa. Chapisheni kwanza ukurasa wenye mraba huo peke yake, mkaupime kwa rula. Ukiwa mdogo hata kwa milimita chache, mashine imepunguza ukubwa wa kurasa. Mwambieni mchapishaji achapishe kwa asilimia 100. Tena, kabla ya kulipa, someni masharti ya muuzaji, kwani wauzaji wengi hawarudishi fedha za paterni iliyokwisha kupakuliwa, na baadhi yao hawaruhusu kuuza nguo zilizoshonwa kwayo.

Tatu, tazameni upana wa kitambaa. Jedwali la paterni mara nyingi hutaja upana wa sentimita 115 na wa sentimita 150, na urefu unaohitajika hutofautiana. Vitenge vingi vina upana wa karibu sentimita 115. Anayesoma safu ya 150 kisha akanunua kitenge atapungukiwa, na hapo kosa si la mwenye duka. Ikiwa maua au ndege wa kitambaa wanaelekea upande mmoja, ongezeni urefu, maana vipande vyote havina budi kuelekea huko.

Nne, simameni karibu jora linapopimwa. Ulizeni, “Hii ni mita au yadi?” Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia heshima mfanyabiashara. Kitambaa kisivutwe wakati wa kupimwa. Kikunjueni penye mwanga, mtazame matundu, madoa na rangi iliyofifia. Daini risiti yenye kutaja urefu na bei. Mkifika nyumbani pimeni tena kwa utepe wenu. Mkiona upungufu, rudini dukani mapema na kitambaa kikiwa kizima. Mkitilia shaka kipimo cha duka, hapa Tanzania peleka taarifa kwa Wakala wa Vipimo, ambao ndio wenye jukumu la kukagua vipimo vya biashara.

Tano, baada ya kuridhika na kipimo, na si kabla, kifueni kitambaa, mkianike na kukipiga pasi. Pamba ikisinyaa kwa asilimia 5, mita 2 hupoteza sentimita 10. Ni heri upotevu huo uonekane kwenye kitambaa kuliko kwenye gauni lililokwisha kuvaliwa mara moja. Mfuatano huu tunausisitiza, kwa sababu kitambaa kilichofuliwa ni vigumu kukirudisha dukani.

Mwisho, zawadi za watoto. Paterni ikionyesha kamba ya kukaza kwenye kofia au shingo ya nguo ya mtoto mdogo, iacheni. Kamba hizo hunasa na huweza kumkaba mtoto. Kanuni za usalama za Ulaya haziziruhusu kwa watoto wadogo. Na mkimshonea mwanasesere mtoto wa chini ya miaka 3, macho yadariziwe kwa uzi badala ya kuwekwa vifungo, kwa kuwa kifungo hung'oka na kumezwa.

Ndugu zetu, mama yule alimalizia mkono wa gauni kwa kipande cha kitambaa kingine, na binti yake akalivaa baada ya sikukuu kupita. Hatupendi yampate mwingine. Kabla ya kushika mkasi, hakikisheni mambo matatu: paterni imesomwa, kitambaa kimepimwa, risiti imehifadhiwa. Kisha kateni kwa amani.