Kuutazama Mji wa London kwa Fedha Kidogo
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imeniomba niseme habari za kutembea London, kwa sababu wamo miongoni mwetu wanaojiandaa kwenda huko kuwaona watoto wao wanaosoma. Nauli yao imechangwa na jamaa, na kila aliyechanga atataka kujua fedha yake ilikwenda wapi. Kwa hiyo sitaanza na uzuri wa mji. Nitaanza na mfuko.

Mgeni akifika hulakiwa na vikaratasi vya picha vinavyomwita huku na huku. Mimi nilivifuata siku ya kwanza. Nililipa kiingilio katika nyumba moja ya maonyesho, ambayo sitaitaja, nikasimama katika mstari saa mbili, nikatazama kwa muda usiotimia saa moja, nikatoka na njaa, maana fedha ya chakula ilikuwa imekwisha. Jioni mwenyeji wangu alinicheka sana. Akaniambia kwamba makumbusho makubwa ya mji ule hayatozi kiingilio, isipokuwa kwa maonyesho fulani ya muda.

Na ndivyo ilivyo. British Museum, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753, huingiwa bure. Vivyo hivyo National Gallery, penye michoro ya mafundi wakuu wa Ulaya, na Natural History Museum, ambamo mifupa ya nyangumi yenye urefu wa mita 25 imeangikwa juu ya vichwa vya watu. Watoto hawataki kutoka humo.

Walakini mahali nilipokaa sana ni vyumba vya Afrika, chini kabisa katika British Museum. Humo mna vibao vilivyotengenezwa kwa kumimina shaba iliyoyeyushwa, vyenye sura za wafalme, askari na wafanya biashara. Zamani vilipamba nguzo za jumba la Oba, mfalme wa Benin, kusini mwa nchi iitwayo leo Nigeria. Mwaka 1897 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji huo, na maelfu ya vitu yakachukuliwa. Nilisimama pale karibu na mzee mmoja Mwingereza na mjukuu wake. Mtoto akauliza mbona vitu hivi havipo kwao. Babu yake akamsomea maandishi ya ukutani, polepole, mpaka mwisho, wala hakuongeza neno. Mwaka 2022 makumbusho mengine ya London, Horniman, yaliirudishia Nigeria milki ya vitu 72 vya Benin. Lakini British Museum imefungwa na sheria ya mwaka 1963, inayoizuia kutoa mali yake isipokuwa kwa sababu chache. Basi mwende na watoto wenu, mkasome maandishi yale pamoja nao.

Atakaye kulipa mahali pamoja, na aende Tower of London, ingawa kiingilio ni zaidi ya pauni 30 kwa mtu mzima. Ngome hiyo ilianza kujengwa katika karne ya 11. Ndani yake mna fimbo ya kifalme yenye kipande kikubwa kuliko vyote cha almasi ya Cullinan, iliyochimbwa Transvaal mwaka 1905. Hata huko, ndugu zangu, Afrika imo.

Kwa burudani ya jioni, uko ukumbi wa Globe kando ya mto Thames, uliofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa ule wa Shakespeare. Wanaosimama uani hulipa kidogo kuliko wanaoketi. Miavuli hairuhusiwi, na mvua ya London haina adabu, kwa hiyo chukueni koti. Aliyesoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Juliasi Kaisari, iliyotoka mwaka 1963, hatakuwa mgeni sana humo.

Katika mabasi msitoe fedha taslimu. Hazipokewi tangu mwaka 2014. Hulipwa kwa kadi. Pandeni juu, kiti cha mbele, mtauona mji kwa nauli ndogo.

Mwisho, mtaa wa Pimlico, Cambridge Street, nyumba nambari 95. Ukutani pana kibao cha mviringo cha buluu kinachosema kwamba Jomo Kenyatta alikaa hapo tangu mwaka 1933 hata 1937. Katika miaka hiyo alisoma chini ya Profesa Malinowski, na masomo hayo yakazaa kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Nyumba ni ya kawaida kabisa. Nilipita mlangoni mara mbili kabla ya kuitambua. Ni makao ya watu, basi mtu asibishe hodi. Asimame kando ya njia, asome, apige picha, aende zake. Kutoka hapo hadi stesheni ya Victoria ni mwendo mfupi kwa miguu.