Noah ya mkononi: anza kwa kuinama

Msikilizaji wa Bagamoyo, Zinga, Kerege na Mapinga, familia ikifika watu saba, macho huangukia Toyota Noah. Unaambiwa ni safi, na rangi inang'aa kweli. Naomba uiname kwanza.

Sisi tunaishi na chumvi. Upepo wa bahari hauchagui gari, na lile lililoegeshwa miaka mingi karibu na ufukwe huliwa kutoka chini: chasisi, mabomba ya breki, sehemu za kufungia springi. Chukua tochi, ugonge kwa bisibisi. Bati likibonyea au ukikuta rangi mpya nyeusi imepakwa chini tu, uliza inaficha nini. Kutu ya chasisi si ya kupuliza rangi. Juu ya chasisi hiyo unabeba watoto wako.

Noah ya zamani ina injini chini ya viti vya mbele na huvuta kwa magurudumu ya nyuma; iliyoanza 2001 huvuta kwa mbele. Fundi wako ajue hilo kabla ya kuipima.

Kaa kiti cha mwisho kabisa. Mkanda upo? Unafunga? Noah nyingi zilifanya kazi ya kubeba abiria, na mikanda ilikwisha kukatwa. Fungua na kufunga mlango wa pembeni mara kadhaa. Mchanga hula reli zake.

Mwisho, linganisha namba ya chasisi na ile ya kadi ya gari, na umiliki uhamishwe TRA. Fedha isitoke mkononi kabla ya hapo.