Habari za Wadi Yako ni Haki Yako, Si Hisani



Ndugu zangu na dada zangu, nianze na swali. Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe moyoni. MCA wako jina lake walijua. Nambari yake ya simu pengine unayo, manake ulimpigia wakati wa basari. Lakini waweza kuniambia yuko kamati gani kule bunge la kaunti? Mswada wa mwisho aliousimamia ulihusu nini? Wadi yako imetengewa pesa ngapi mwaka huu, na za kufanya kazi gani?

Kama hujui, usione haya. Wengi wetu hatujui. Nataka tuzungumze kwa nini hatujui, na nawaambia mapema kwamba lawama hapa ni ya pande mbili.

Tuanze na upande wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, yaeleza kazi ya MCA. Itafute uisome, ni fupi. Yasema awe karibu na wapiga kura wake na ashauriane nao kuhusu mambo yanayojadiliwa bungeni. Apeleke maoni yao kule. Ahudhurie vikao. Awe kiungo kati ya bunge na wananchi kwa mambo ya huduma. Kisha hicho hicho kifungu kinamkataza kuingia kazi za utendaji. Yaani kumwaga murram kwa mkono wake si kazi yake. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kumsimamia gavana na mawaziri wake, na kutuletea habari.

Sasa sisi twamdai nini? Twamdai mchango wa harusi, nauli, jezi za timu. Akitoa twasema huyu ni mtu wa watu. Asipotoa twasema amekuwa na kiburi. Kijana akitoka kwake na elfu mbili mfukoni, je, kesho ataweza kumuuliza kuhusu bajeti ya zahanati? Hawezi. Kimya chake kimeshanunuliwa, tena kwa bei ya kutupa.

Niwape kisa cha kwetu. Mwaka mmoja tuliambiwa kulikuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Tuliambiwa kikiwa kimeshapita. Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa ofisi, kwa Kiingereza, na kikao kiliwekwa Ijumaa saa saba mchana. Ijumaa, saa saba, katika mtaa ambao saa hiyo kila mtu yuko msikitini! Tuliwaka. Tukaandika barua, tukakusanya sahihi, tukaipeleka wenyewe na tukagongewa muhuri kwenye nakala yetu.

Mwaka uliofuata kikao kikahamishwa Jumamosi asubuhi. Tangazo likaja kwa Kiswahili, na imamu akalisoma baada ya swala. Na Jumamosi ilipofika, wangapi tulikwenda? Tulikuwa kumi na mmoja. Viti vilikuwa zaidi ya arobaini. Wale wale waliotia sahihi barua, wengi wao walikuwa wamelala, na wengine wako maskani wakilalamika kwamba kaunti haiwasikilizi. Mheshimiwa alivitazama vile viti kisha akatutazama sisi. Hakusema neno, lakini mimi nilipata jibu langu. Mtu hawezi kumuogopa mwenye deni ambaye haji kudai.

Ndiyo maana nasema lawama ni ya pande mbili.

Na hili si jambo la kuigwa kutoka kwa watu wengine. Shura ni yetu. Ndani ya Qur'ani kuna sura nzima yenye jina hilo. Kabla ya Uhud, Mtume (s.a.w.) aliwakusanya maswahaba akawaeleza hali ilivyo na akawataka rai. Yeye mwenyewe alielekea kubaki Madina. Wengi, na vijana wakiwa mbele, walitaka kutoka, na akatoka nao. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, anayepokea wahyi, na bado aliwapa watu habari na akawasikiliza. Sembuse mtu wa kuchaguliwa kwa kura?

Wengi wenu mwamfuatilia Ilhan Omar. Huyu ni mtoto wa wakimbizi wa Kisomali aliyeishi miaka minne katika kambi ya Utange, hapa hapa Mombasa, kabla ya kwenda Marekani. Kabla ya kufika bunge la kitaifa kule Washington, alichaguliwa mwaka 2016 kuingia bunge la jimbo la Minnesota. Kule mjumbe wa bunge la jimbo huchaguliwa kila miaka miwili, na kawaida ya wajumbe ni kuwaandikia watu wa eneo lao: mswada gani umepita, mimi nilipiga kura upande gani, shule zenu zimepata nini, njooni ukumbini tukutane siku fulani. Hawafanyi hivyo kwa sababu ni malaika. Wanajua kuna watu wanaosoma na watakaouliza.

Na sisi tunayo mashiko. Kifungu cha 196 cha Katiba chataka bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi, vikao vyake viwe hadharani, na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 35 chakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yasema ukiomba habari ofisi ya umma, ikujibu ndani ya siku 21. Na ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Sisi ambao mitaa yetu yajua maana ya kijana kuchukuliwa na mamake asiambiwe alipo, hiyo ya saa 48 tuishike barabara.

Mwaka 2024 mlionyesha mwaweza. Mliuchukua Mswada wa Fedha, mkausoma kifungu kwa kifungu, mkawaelezea wazazi wenu kwa lugha za nyumbani, mpaka ukaondolewa. Wako wenzetu walioipoteza roho yao katika siku zile, Mola awape subira wazazi wao. Basi usomaji ule ule uleteni huku chini, kwenye wadi. Kaunti nayo ina bajeti, na ina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ukienda Julai kulilia taa za barabarani, umefika shughuli imekwisha na sufuria zimeoshwa.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. La kwanza, watano tu kutoka kila mtaa mwandikieni MCA wenu barua ya heshima. Mwombeni kila mwezi awaeleze mambo manne: alihudhuria vikao vingapi, alisema nini, alipiga kura vipi, na pesa za wadi zimefika wapi. La pili, akijibu, someni na muwasomee wazee. Akifanya vizuri mshukuruni hadharani, manake mtu akipigwa kwa kila jambo huacha kusema. La tatu, kikao kikiitwa, nendeni. Jazeni viti.

Na adabu, jamani. Matusi hayana hoja. Ukimtukana, atajibu tusi na swali lako litapotea.

Uongozi ni amana, na yeye ataulizwa juu yake. Lakini na sisi tutaulizwa: tulipoona, tulisema? Tulipoitwa, tulikwenda?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusema kweli na kuisimamia. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.