Kijana Wetu Asoma Falsafa

Leo tunataka kusema na wazazi, hasa wale ambao kijana wao ameandika nyumbani kwamba somo atakalosoma chuoni ni falsafa. Twajua jinsi habari hiyo inavyopokewa. Baba auliza ni kazi gani itapatikana. Mama auliza neno zito zaidi: je, mtoto huyu atarudi akiwa bado anasali? Naye mzee wa kanisa afungua Wakolosai, sura ya 2, mstari wa 8, awaonyeshe mahali Paulo anapoonya watu wasifanywe mateka kwa elimu ya wanadamu. Na kweli, neno la Kiyunani aliloliandika Paulo hapo ni hilo hilo falsafa.

Onyo hilo hatutalipunguza. Wako waliotekwa. Lakini tukimfuata Paulo huyo huyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, twamkuta sokoni Athene akijadiliana na Waepikureo na Wastoiko, na aliposimama Areopago aliwakumbusha maneno ya washairi wao wenyewe. Basi alikuwa ameyasikia, tena ameyaweka moyoni.

Tumfikirie mtu mmoja aliyekuja baada yake, jina lake Justin. Alizaliwa mjini Nablus, katika nchi ya Palestina, yapata mwaka 100, na wazazi wake hawakuwa Wakristo. Alitamani kumjua Mungu, akatafuta walimu. Wa kwanza, Mstoiko, hakuwa na la kusema juu ya Mungu, wala hakuona kwamba ni jambo la lazima. Wa pili, mfuasi wa Aristotle, baada ya siku chache alidai karo. (Wazazi mnaolipa karo, msicheke sana.) Wa tatu alimwambia ajifunze kwanza muziki, nyota na hesabu za maumbo, ndipo arudi. Kwa wafuasi wa Plato alipata furaha, akadhani amekaribia kumwona Mungu, mpaka siku moja alipokutana na mzee karibu na bahari. Mzee huyo alimwuliza maswali juu ya roho ambayo Justin hakuweza kuyajibu, kisha akamweleza habari za manabii na za Kristo.

Jambo jingine pia lilimvuta. Yeye mwenyewe aandika kwamba alipokuwa bado anafurahia mafundisho ya Plato, alisikia Wakristo wakisingiziwa kila uovu, lakini akawaona hawaogopi kifo. Akafikiri: mtu anayeishi kwa anasa angekumbatiaje kifo kinachomwondolea anasa zake? Hapo falsafa ilimsaidia. Ilimfundisha kupima uvumi kabla ya kuuamini, na sisi tunaoishi katikati ya uvumi mwingi twalihitaji somo hilo.

Alipobatizwa hakulivua joho la wanafalsafa. Alifundisha Roma akiwa amelivaa. Yohana alikuwa amemwita Kristo Neno, nao Wastoiko walikuwa na neno hilo hilo katika mafundisho yao. Justin akasema kwamba mbegu za Neno zilitawanywa kwa watu wote, hata kwa Socrates aliyeuawa Athene mwaka 399 kabla ya Kristo. Lakini hakuishia kwenye mawazo. Anapomweleza Kaisari ibada ya Jumapili, aeleza pia sadaka yake: ni ya yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kwake swali la Mungu ni nani na swali la tumtendeeje jirani hayakutengana.

Hapa kwetu pia, marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee vijijini, wengine hawakusoma shule, akawauliza juu ya Mungu, kifo na haki, na kuandika majibu yao. Kwa hiyo, baba, kijana akirudi likizoni na maswali, usiyaone kuwa ni matusi. Jibu unaloweza. Lile usiloliweza, keti naye mlifikiri pamoja.

Justin alishtakiwa Roma yapata mwaka 165, pamoja na wenzake sita. Hakimu wake, Junius Rusticus, naye alikuwa mwanafalsafa, Mstoiko aliyemfundisha Kaisari Marcus Aurelius. Kwa hiyo wasomi wawili walitazamana barazani, na yule mwenye mamlaka akataka wenzake watoe dhabihu kwa miungu. Walikataa, na wote wakahukumiwa kifo.

Kabla ya hukumu Rusticus alitaka kujua kama ni Justin aliyewageuza hao wengine kuwa Wakristo. Mmoja wao, Euelpistus, alikuwa mtumwa wa Kaisari. Alijibu kwamba mafundisho ya Justin aliyasikiliza kwa furaha, lakini Ukristo wake aliupokea kwa wazazi wake. Hakimu akauliza wazazi hao wako wapi. Akamwambia wako Kapadokia.